Je, Wajua? Mwamba wa Kichwani na Mwamba wa Miguuni

Je, wajua kwamba kila mgodi wa mshipa una kuta mbili, na kila ukuta una jina lake? Mshipa wa madini, ule ambao wachimbaji wa Tshopo na Ituri huuita filoni, ni nadra kusimama wima kabisa, na ni nadra vilevile kulala bapa. Kwa kawaida umeinama. Mchimbaji anapoufuata na kuutoa, anabaki ndani ya nafasi ya mshazari: mwamba mmoja umemwinamia kichwani, mwingine anaukanyaga. Ule wa kichwani ni ukuta wa juu, na ule wa miguuni ni ukuta wa chini. Ukiyashika majina hayo mawili, unaweza kusoma mtetemeko wa ardhi, ziwa, mlima na hata ramani ya kibali cha uchimbaji.

Majina hayo waliyatoa wachimbaji, si maprofesa. Mtu alitundika taa yake kwenye mwamba wa juu na kuweka miguu kwenye mwamba wa chini, akaviita vitu kwa namna mwili wake ulivyovikuta. Wajerumani walisema Hangendes, kinachoning'inia, na Liegendes, kilicholala. Georgius Agricola, daktari aliyeishi kati ya wachimbaji wa Saxony, alizieleza pande hizo katika kitabu chake De re metallica, kilichochapishwa mwaka 1556, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1555. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1912 na injinia wa migodi Herbert Hoover pamoja na mkewe Lou. Miaka 17 baadaye Hoover akawa rais wa Marekani.

Kwetu Kongo, shuleni na migodini, majina yalikuja kwa Kifaransa: toit kwa ukuta wa juu, mur kwa ukuta wa chini. Ukuta wowote kati ya kuta hizo mbili, bila kubagua, ni éponte. Na ule utando mwembamba wa udongo laini unaoutenga mshipa na ukuta wake unaitwa salbande. Mkumbuke huyu wa mwisho, maana ndiye anayeua watu wakati wa mvua. Tutamrudia.

Je, wajua tofauti kati ya mshipa na mpasuko? Mpasuko ni mahali mwamba ulipokatika na pande zake mbili zikahama, kila upande ukiuacha mwenzake. Mshipa ni ufa uliojaa madini, mara nyingi mawe meupe ya kwatzi yenye dhahabu, shaba au kitu kingine. Mishipa mingi ilianza kama mipasuko. Kwa hiyo majina ya kuta ni yaleyale kwa vyote viwili.

Jaribu hili nyumbani. Chukua mche wa sabuni, ukate katikati kwa mshazari, kisha uvishike vipande viwili vikigusana, kama vile havijakatwa. Kipande kilichokilalia kingine ndicho ukuta wa juu. Sasa vivute kidogo kuelekea pande tofauti: kile cha juu kinateleza kushuka. Visukume vikutane: kile cha juu kinapanda mgongoni mwa mwenzake. Umemaliza darasa la kwanza la miamba. Ardhi inapovutwa, ukuta wa juu hushuka, na huo huitwa mpasuko wa kawaida. Ardhi inapobanwa, ukuta wa juu hupanda, na huo ni mpasuko wa kinyume.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: ukuta wa juu hubaki ukuta wa juu hata ukishuka kilomita tano. Jina linafuata upande uliopo, halifuati mwendo wake.

Mpasuko ulio wima kabisa hauna ukuta wa juu wala wa chini. Hakuna upande ulioulalia mwingine. Mipasuko mingi ambayo pande zake hupishana kiubavu, bila kupanda wala kushuka, iko hivyo. San Andreas ya California ni mmoja wao, kwa sehemu kubwa ya urefu wake.

Na Kisangani je? Mji wetu umekaa mahali pa utulivu. Mawe ya mchanga mekundu ya Aruwimi, ambayo mto Kongo unayapita kwa kelele pale kwa wavuvi Wagenia, yamelala karibu bapa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mitego ya Wagenia husimama kwa sababu nguzo zake hukitwa katika mashimo ya mwamba huo mgumu. Maporomoko ya Boyoma ni saba, kutoka Ubundu hadi Kisangani, na katika umbali wa takriban kilomita 100 mto hushuka takriban mita 60 tu. Ni ngazi fupifupi za mwamba mgumu, na zilitosha kuzuia meli zote, hadi ikabidi reli ya kilomita 125 ijengwe upande wa kushoto wa mto, kutoka Lubunga hadi Ubundu. Ilifunguliwa mwaka 1906.

Juu ya mawe hayo ya kale yamelala matabaka mengine ambayo wanajiolojia wa dunia nzima huyaita Kundi la Stanleyville, kwa jina la zamani la mji huu, ingawa mji wenyewe unaitwa Kisangani tangu 1966. Ni matope ya ziwa la enzi ya Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Kule Songa, kusini mwa mji, yametoa visukuku vya samaki wa ziwa hilo lililokauka, na samaki mmoja akapewa jina Songaichthys. Sijui wavuvi wangapi wa Boyoma wamewahi kuambiwa kwamba samaki wa hapa wana babu aliyeandikwa kwa jina la kijiji chao. Wanastahili kuambiwa.

Kwa sababu matabaka yetu ni bapa, mtoto wa Kisangani anaweza kukua bila kuona ukuta wa juu hata mmoja. Lazima asafiri. Ashike barabara ya taifa namba 4, apite Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, afike Bunia. Kisha asiishie Bunia. Aendelee hadi Bogoro, halafu ateremke kwenda Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Albert.

Mteremko ule wa Bogoro ni mpasuko. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko takriban mita 620. Gari linaposhika breki na masikio kuziba, abiria anavuka kutoka ukuta wa chini kwenda ukuta wa juu. Nyanda za Bunia na Milima ya Buluu ndizo ukuta wa chini, uliobaki juu na hata kuinuka. Sakafu ya ziwa ni ukuta wa juu, uliozama. Tena ulizama zaidi ya tunavyoona, kwa kuwa chini ya maji kuna mchanga na matope yenye unene wa kilomita kadhaa, yaliyojaza shimo kadiri lilivyokuwa likishuka. Upande wa Uganda kuna mpasuko mwingine unaotazamana na huu. Ziwa limekaa kwenye kipande kilichoteremka katikati ya hiyo miwili.

Mlima Rwenzori, kusini mwa ziwa hilo, si volkano. Watu hudhani hivyo kwa sababu volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ziko katika bonde lilelile la ufa. Rwenzori ni kipande cha mwamba wa kale kilichoinuliwa katikati ya mipasuko, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mtu akisimama bonde la Semliki na kutazama mashariki siku isiyo na mawingu, anaona ukuta wa chini ulioinuka mpaka ukavaa barafu.

Mipasuko hiyo haijalala. Machi 20, 1966, ardhi ilitetemeka vibaya mpakani mwa Kongo na Uganda, katika eneo la Semliki na Toro, na zaidi ya watu 100 walikufa. Desemba 5, 2005, mtetemeko wa kipimo cha 6.8 ulitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie. Februari 3, 2008 ikawa zamu ya Bukavu. Yote hiyo ni miamba ya kuta mbili ikiachana.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina. Lina tabia moja ya ajabu: mpasuko wake mkubwa hauko upande mmoja tu. Sehemu fulani uko pwani ya Kongo, sehemu inayofuata unahamia pwani ya Tanzania, kisha unarudi. Kila mahali, upande wenye mpasuko mkubwa ndio wenye maji yenye kina na miamba mikali. Upande wa pili ardhi huteremka taratibu kuelekea ziwani.

Mashariki zaidi, Kenya, kuna mji wa Iten unaojulikana kwa wanariadha. Umekaa ukingoni mwa genge la Elgeyo, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Genge hilo ni mpasuko wa kawaida. Bonde la Kerio lililo chini yake ni ukuta wa juu uliozama. Mabingwa wa mbio ndefu wanafanya mazoezi juu ya ukuta wa chini.

Na mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert, yamejificha katika matabaka ya ukuta wa juu, yaliyopindana na kubanwa dhidi ya mpasuko. Mwamba ukipinda vizuri, mafuta hupanda hadi juu ya pindo na kukwama hapo.

Je, wajua kwamba wakati wa mtetemeko, anayeishi juu ya ukuta wa juu kwa kawaida hutikiswa zaidi kuliko jirani yake wa ukuta wa chini, hata kama wote wako umbali uleule kutoka mpasuko unapotokeza? Sababu ni rahisi: mpasuko umeinama na kupita chini ya nyumba yake, kwa hiyo yuko karibu zaidi na mahali mwamba unapokatika. Taiwan ilionyesha hilo waziwazi Septemba 21, 1999. Mpasuko wa Chelungpu ulikuwa wa kinyume. Ukuta wa juu ulipanda mita kadhaa kwa sekunde chache, ukavunja bwawa la Shihkang, na katika mto Dajia pakazuka maporomoko ya maji ambayo siku iliyotangulia hayakuwepo. Watu takriban 2,400 walikufa.

Sasa dhahabu. Kwa nini inapenda mipasuko? Kwenye kina kirefu kuna maji ya moto yenye madini yaliyoyeyuka, yamebanwa na uzito wa mwamba. Mpasuko unapofunguka ghafla kwa mtetemeko, shinikizo linaanguka mara moja. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Australia, Weatherley na Henley, walionyesha kwa hesabu kwamba maji hayo yanaweza kugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na kuiacha dhahabu na kwatzi ukutani. Kisha mpasuko unaziba, shinikizo linapanda tena, unafunguka tena. Mitetemeko maelfu, mshipa mmoja. Mwaka 2024 watafiti wengine wa Australia waliongeza kwamba kwatzi ikiminywa hutoa umeme mdogo, na umeme huo unaweza kuvuta dhahabu ijikusanye mahali ambapo tayari ipo. Huenda ndiyo maana mabonge hukutwa ndani ya kwatzi.

Kwa hiyo mchimbaji anayeshika jiwe lenye michirizi ya kwatzi sambamba, mstari baada ya mstari, anashika daftari la mitetemeko. Kila mstari ni mara moja ambayo ukuta wa juu ulisogea.

Dhahabu ya Kilo, kule Ituri, iligunduliwa mwaka 1903, ikifuatwa na ya Moto kaskazini zaidi, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Eneo lote hilo lilikuwa chini ya mkoa wa Orientale, makao makuu Kisangani, mpaka mkoa ulipogawanywa mwaka 2015 kuwa minne: Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Mgodi wa Kibali, karibu na Durba na Watsa, ulitoa dhahabu yake ya kwanza Septemba 2013. Barrick na AngloGold Ashanti wana asilimia 45 kila mmoja, na SOKIMO ya serikali ina 10. Shimo lake la wima linashuka zaidi ya mita 700, na mashine zinafuata madini yanayozidi kuzama kuelekea kaskazini-mashariki.

Ukipata nafasi ya kuona ramani ya mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, tazama barabara zake zimechimbwa upande gani. Mara nyingi utakuta ziko katika ukuta wa chini. Madini yakishatolewa, ukuta wa juu huachwa bila kitu cha kuuegemeza. Unapasuka, unashuka, unaanguka. Barabara ikipita humo, itaangamia nao. Ukuta wa chini umelala na hauna pa kuangukia.

Mchimbaji mdogo wa Bafwasende hana mashine, lakini kanuni ni ileile kwake, na kwake ni ya kufa na kupona. Kabla ya kuanza kazi asubuhi, gonga ukuta wa juu kwa mpini au chuma. Mwamba mzima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Ulioachana na mwenzake hutoa sauti nzito, tupu. Ukisikia hiyo, toka. Mawe hayo yameshakatika nyuma, yanangoja. Na hapa ndipo tunamrudia salbande. Ule udongo mwembamba kati ya mshipa na ukuta, ukikauka, hushika. Ukinywa maji ya mvua, huteleza, na bamba zima la ukuta wa juu, ambalo jana lilionekana imara, huporomoka bila onyo. Miti ya kuegemeza inayowekwa na wale wanaoitwa boiseurs lazima isimamishwe ikitazamana na ukuta wa juu kwa pembe mraba, kwa sababu uzito unatoka huko. Mti uliosimama wima ndani ya mshipa ulioinama unasukumwa kando tu, unachomoka. Naomba anayesoma haya na ana ndugu shimoni amwambie.

Ukuta wa juu ukianguka taratibu, vipande vidogo vidogo, madhara yake hufika mbali na shimo. Kule Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe kwa vinu vya chuma, mama twangaises, hupokea gunia lililochanganyika: kwatzi ya mshipa pamoja na mawe matupu ya ukuta. Kutwanga ni kulekule, vumbi la kifua ni lilelile, dhahabu imepungua. Mama mwenye jicho huchambua kwanza, anatenga jiwe jeupe lenye madoa ya kutu na kutupa la kijivu lisilo na kitu.

Je, wajua kinachofanyika mshipa unapopotea ghafla? Unachimba, unafuata kwatzi nzuri, mara umegonga mwamba mtupu, na mbele yako kuna uso laini ulioinama. Umekutana na mpasuko uliouhamisha mshipa. Wachimbaji wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kutafuta kilichopotea tangu zamani, nayo yafaa popote ardhi ilipovutwa. Tazama uso ule wa mpasuko. Kama umekuinamia, unakuja juu ya kichwa chako, wewe uko kwenye ukuta wa chini na upande wa pili umeshuka: tafuta chini. Kama unapita chini ya miguu yako na kuzama nyuma yako, wewe uko kwenye ukuta wa juu, wewe ndiye uliyeshuka: tafuta juu. Mahali ardhi ilipobanwa, geuza majibu yote mawili.

Utajuaje kama ilivutwa au ilibanwa? Angalia matabaka karibu na mpasuko. Mara nyingi yamekokotwa kidogo, yakapinda kuelekea kule upande wa pili ulikokwenda. Halafu papasa uso wa mpasuko kwa kiganja. Wafaransa wanauita kioo cha mpasuko, na kweli unang'aa, umesuguliwa mpaka ukawa laini, una michirizi inayoonyesha njia ya mwendo. Mkono ukienda upande mmoja unateleza. Ukirudi, unakwama kwenye vijingazi vidogo. Upande unaoteleza, mara nyingi, ndio uliofuatwa na kipande kilichoondoka. Ni mojawapo ya mambo machache katika sayansi ambayo mtu asiyejua kusoma anaweza kuyapima kwa mkono wake mwenyewe na kupata jibu sawa na la injinia.

Almasi haina ukuta. Yaani zile za mito ya Tshopo, ambazo kwa miaka mingi zilijaza vibao vya maduka ya kununulia almasi mjini Kisangani, hupatikana katika kokoto za mito ya sasa na ya zamani, zikiwa zimeshatoka kwenye mwamba wake wa asili. Anayechimba kokoto hana haja ya kujua mwinamo. Anayehama kutoka kokoto kwenda filoni anaingia kazi nyingine kabisa, na hatari ni kuchukua mazoea ya shimo la mchanga na kuyapeleka chini ya ukuta wa juu.

Tuteremke kusini. Katika Katanga ya zamani, ardhi ilibanwa mno miaka takriban milioni 500 na zaidi iliyopita. Matabaka yalikunjwa, yakakatika, yakapandishwa juu ya mengine, kiasi kwamba mahali pengi mwamba mkongwe umeukalia mwamba wenye umri mdogo. Mjiolojia wa Ubelgiji Jules Cornet alipita huko mwaka 1892, na maneno yanayohusishwa naye, kwamba nchi hii ni kashfa ya kijiolojia kwa utajiri wake, yanarudiwa mpaka leo.

Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni mfano safi wa mshipa na mpasuko kuwa kitu kimoja. Madini yake ya zinki na shaba yamefuata mpasuko wenye mwinamo mkali. Uchimbaji ulianza mwaka 1924, ukasimama 1993, maji yakajaa, na mgodi ukaanza kuzalisha tena mwaka 2024.

Kamoto, Kolwezi, ina matabaka mawili ya madini, la chini na la juu, na katikati yake mwamba mgumu wenye vitundu ambao wachimbaji huufupisha R.S.C. Mwamba huo ni paa la tabaka la chini na papo hapo ni sakafu ya tabaka la juu. Jiwe moja, majina mawili, kutegemea umesimama wapi. Mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto iliporomoka.

Na Kakula, iliyogunduliwa mwaka 2016 na kuanza kutoa shaba mwaka 2021, imelala karibu bapa. Katika mgodi kama huo nguzo za mwamba huachwa makusudi kubeba paa. Mei 2025 mitetemeko upande wa mashariki ililazimisha kazi isimame na maji yakaingia.

Shinkolobwe, ambayo urani yake iliingia katika bomu la Hiroshima, nayo ilikuwa madini yaliyojaza nyufa na mipasuko. Iligunduliwa mwaka 1915.

Jambo moja zaidi, kwa yeyote anayefikiria kuomba kibali. Kongo, tangu sheria ya madini ya mwaka 2002 iliyorekebishwa 2018, ardhi ya madini hugawanywa kwa miraba. Mraba mmoja ni hekta 84.955, yaani takriban mita 920 kila upande. Marekani walifanya vingine: sheria yao ya mwaka 1872 inamruhusu mwenye kichwa cha mshipa, pale unapotokeza juu ya ardhi, kuufuata ukishuka hata ukipita chini ya ardhi ya jirani, na kesi zilizotokana na hilo zilijaza mahakama za Montana kwa miongo. Kwetu, ukivuka mstari umeingia kwa mwenzako.

Basi piga hesabu. Mshipa wenye mwinamo wa nyuzi 45 unasogea kando mita moja kila unaposhuka mita moja. Ukitokeza katikati ya mraba wako, ukifika kina cha mita 460 umeshatoka nje, na kule mgodi wa Kibali wanachimba chini zaidi ya hapo. Unatoka upande gani? Daima upande wa ukuta wa juu, kwa sababu ndio unaoulalia mshipa. Kwa hiyo mtu aliyeona filoni imetokeza kando ya kijito asikimbilie kuomba miraba kuzunguka pande zote nne sawasawa. Apime kwanza mwinamo, ajue ukuta wa juu uko mashariki au magharibi, kisha pesa yake ya kodi ya miraba aiweke upande huo.